Watautunza

Mwalimu Petrakis aliandika ubaoni maneno matatu ya Kigiriki, akasema ni urithi wa babu zake ambao dunia nzima inautumia bila kushukuru. Ethos, alieleza, ni sababu ya msikilizaji kumwamini msemaji. Logos ni hoja na ushahidi wake. Pathos ni kile ambacho msikilizaji anafanywa ahisi. Hilo la mwisho, aliongeza, kwa asili lina maana ya mateso, na wasilisahau hilo watakapolitumia.

Ilikuwa Februari 2011, darasa la kumi na moja, katika shule moja ya sekondari kaskazini mwa Toronto. Wiki hiyo walikuwa wamekariri vitenzi na vivumishi ambavyo mwalimu aliviita vyenye nguvu. Usiseme jambo linadhuru, alifundisha, kama unaweza kusema linaangamiza. Sasa alitaka waache karatasi. Kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja aliye hai, amshawishi kwa mdomo akubali jambo alilokwisha kulikataa, kisha asimame mbele ya darasa na kueleza ni njia ipi iliyofanya kazi.

"Nitamshawishi mama yangu aache kunipigia simu nikiwa matembezini," Clinton alisema kutoka nyuma.

"Clinton, nimesema mtu. Sikusema kimbunga."

Darasa lilicheka. Asumpta hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameshamjua mtu wake. Nyumbani kwao, Lawrence Heights, bibi yake alikuwa amekataa kukatwa mguu.

Bibi Paskazia alikuwa ameletwa Kanada na mwanawe Leonce, baba yake Asumpta, miaka minne kabla ya hapo, baada ya mumewe kufariki. Alitoka Kamachumu, mkoa wa Kagera, na alikuja na kisukari ambacho hakuna aliyekuwa amekipima. Kidonda kilianza kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kufikia Februari vidole vitatu vilikuwa vyeusi, na daktari wa upasuaji alisema mguu ukatwe chini ya goti. Alisema pia kwamba wasipokata, sumu itapanda kwenye damu, na kwamba swali litakuwa ni wiki ngapi.

Leonce alimwamuru mama yake. Hakuwa na mazoea ya kumwamuru, na ilionekana. Otilia, mke wake, alilia mbele ya mkwewe, jambo ambalo pia hakuwa na mazoea nalo. Bibi aliwajibu wote wawili kitu kimoja: mtu huzikwa mzima. Huko kwao, mjomba wake mmoja alikatwa mkono na mashine ya kukoboa kahawa. Mkono ule ulizikwa kwenye kibanja chake, penye migomba, na alipokufa miaka kumi na kadhaa baadaye ulifukuliwa na kuwekwa naye. Yeye mwenyewe nafasi yake ilikuwa inamngoja kando ya mumewe. Polycarp, mwanawe mkubwa aliyebaki Kamachumu, alikuwa ameacha kupanda migomba hapo tangu siku ya mazishi ya baba yake.

"Wewe anakusikiliza," Leonce alimwambia bintiye jioni moja, akiwa amevaa koti tayari kwenda zamu ya mizigo uwanja wa ndege. "Ongea naye."

"Niongee nini?"

"Si mnafundishwa kuongea? Basi ongea."

Ni kweli kwamba Bibi alimsikiliza. Tangu Asumpta akiwa mdogo, picha zake zikitumwa Kamachumu kwa bahasha, Babu alimwita mke wangu, kwa hiyo Bibi alimwita mke mwenzangu, na utani huo haukukoma kwa kifo cha mume. Tatizo lilikuwa lugha. Bibi alijua Kihaya, Kiswahili, na maneno mawili ya Kiingereza, okei na sori, ambayo aliyatumia kwa madereva wa basi. Asumpta alielewa Kiswahili chote cha nyumbani lakini alizoea kujibu kwa Kiingereza, na wazazi wake walikuwa wameacha kumrekebisha. Kwa Bibi tu ndiko alikojitahidi, sentensi fupi fupi, ngeli zikigongana.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Chumba kilikuwa na joto la mvuke wa chuma cha ukutani, na chini ya dawa ya kusafishia kidonda kulikuwa na harufu ambayo haikuweza kufichwa tena.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umetumwa?"

"Sijatumwa. Ni kazi ya shule. Tunajifunza kushawishi."

Bibi alijiinua kidogo. "Shuleni? Wanawafundisha kushawishi?"

"Ndiyo. Kuna njia tatu."

"Mimi kila asubuhi katika Sala ya Bwana naomba nisitiwe katika kishawishi, kumbe huku wanakitolea alama!" Alicheka mpaka akakohoa. "Haya. Nishawishi. Leo sijasali bado."

Asumpta alianza na logos, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na takwimu. Alimweleza idadi ya wagonjwa wanaopona baada ya upasuaji wa namna hiyo, na idadi ya wanaokufa wasipofanyiwa. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Hao wote uliowahesabu," alisema, "kuna hata mmoja anaitwa Paskazia?"

Asumpta akahamia ethos. Daktari yule amefanya upasuaji miaka ishirini, amesomea mishipa ya damu, watu hutoka miji mingine kumwona.

"Ni mtu mzuri. Ana mikono safi. Lakini hajanizaa, na hatanizika."

Alibaki na pathos. Alikuwa ameandaa sentensi usiku uliotangulia, lakini hakuitumia, maana alipofungua kinywa alisema jambo alilotaka kusema kwa kweli: kwamba akifa Bibi, yeye hatakuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili, na atakisahau.

Bibi alivuta shuka juu ya mguu wake. Halafu aliuliza swali ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amelisikia kwake kabla.

"Wakishaukata, wanaupeleka wapi?"

Asumpta hakujua.

"Basi kaulize. Usiniletee hesabu. Niletee hilo tu. Kama mguu unaweza kurudi kwangu, nitafikiri."

Siku ya miadi, Leonce alikuwa Malton, kwenye uwanja wa ndege, na Otilia alikuwa kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwahudumia. Hakuna aliyeweza kubadilishana zamu. Asumpta alikosa masomo ya asubuhi, akamsukuma Bibi kwenye kiti cha magurudumu hadi hospitali. Muuguzi aliuliza kama mgonjwa anahitaji mkalimani. Walikuwa naye wa Kiswahili kwa simu, ingechukua muda kidogo kumpata. Asumpta alisema hapana, yeye anatosha. Muuguzi alikubali, kwa kuwa binti alizungumza Kiingereza kama yeye mwenyewe.

Daktari alieleza, Asumpta akatafsiri. Daktari alipotoka, Bibi alimgusa mjukuu wake kwenye kiwiko.

"Muulize huyu binti. Lile swali."

Asumpta alimuuliza muuguzi mguu utakwenda wapi. Muuguzi aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke mpole na hakutaka kusema neno tanuri mbele ya mgonjwa. Alitabasamu, akasema wasiwe na wasiwasi, hospitali itabeba jukumu hilo, tena kwa heshima. Kitenzi alichokitumia, take care of, ni kile ambacho watu wa Toronto hukitumia kutwa nzima. Kwa Kiingereza, kitenzi hicho hicho hutumika kwa mtoto anayelelewa, kwa bili inayolipwa, na kwa takataka zinazotolewa nje. Anayekisikia hujua maana kutokana na kitu kinachozungumzwa.

Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha mambo hayo yote. Otilia angekuwepo angesema wataushughulikia, na Bibi angeuliza kivipi. Asumpta alitafuta neno. Kisha akachukua kitenzi alichofundishwa utotoni, alipopewa mdoli, alipopewa rozari, alipoonywa asiharibu macho yake.

"Watautunza, Bibi."

"Watautunza?"

"Ndiyo. Kwa heshima, amesema."

"Hata mwaka? Hata nikikaa mwaka kabla ya kwenda nyumbani?"

Muuguzi aliuliza bibi anasema nini. Asumpta alimjibu kwamba anataka tu kuwa na uhakika. Muuguzi akamtazama Bibi machoni, akaitikia kwa kichwa mara mbili.

Kama wakati huo Asumpta alijua kwamba neno lake lilibeba zaidi ya lile alilopewa, hakuna anayeweza kuthibitisha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Alichokiona ni kwamba uso wa bibi yake ulilegea.

"Okei," Bibi alimwambia muuguzi, kwa Kiingereza.

Mguu ulikatwa wiki iliyofuata, na upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alisema kwamba wangechelewa kidogo tu, angekata juu ya goti. Leonce alimkumbatia bintiye kwenye korido ya wodi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Kipaimara chake. Huko shuleni, Asumpta alisimama mbele ya darasa akaeleza kwamba logos ilishindwa, ethos ya daktari ilishindwa, na kilichofanya kazi ni kujibu swali moja la msikilizaji.

"Kwa hiyo ni njia ipi?" Mwalimu Petrakis aliuliza.

"Ethos. Lakini si ya daktari. Yangu. Aliniamini mimi."

Mwalimu alisema hilo ndilo jibu bora alilolisikia siku hiyo. Clinton, ambaye mama yake alikuwa ameshampigia simu mara mbili wakati wa kipindi, alipiga makofi kwa dhati.

Bibi alirudi nyumbani Aprili, akajifunza kutembea na gongo, kisha na mguu wa bandia, ambao aliuita Mkanada. "Mlete Mkanada wangu," alisema asubuhi, "tukaone kama theluji imekwisha." Alinenepa kidogo. Alianza kumrekebisha Asumpta ngeli. Katika familia ile hapakuwa na majira mazuri kuliko majira yale, na hilo lisemwe kwa haki, kwa kuwa ni sehemu ya ukweli.

Mwezi wa Juni Leonce alipata likizo, akanunua tiketi ya kwenda Kamachumu kumwona kaka yake. Otilia alikuwa anapanga sanduku sebuleni: viatu vya watoto wa Polycarp, vitamini, shuka. Bibi aliketi akitazama.

"Acha nafasi," alisema.

"Nafasi ya nini, Mama? Bado kuna zawadi zako?"

"Ya mguu. Leonce aende nao. Polycarp auweke pale kando ya baba yao, mimi nitaukuta. Kwa nini mnisafirishe mimi na kipande changu safari moja, kama mnaweza kukitanguliza?"

Otilia alidhani ni utani. Alicheka, akaona anacheka peke yake.

"Mguu gani, Mama?"

"Kwani nina mingapi huko hospitali?"

Asumpta alikuwa mezani, akifanya kazi za shule. Hakugeuka. Otilia alimtazama mwanawe, kisha mkwewe.

"Mama, nani alikwambia uko hospitali?"

"Mke mwenzangu. Walisema watautunza. Kwa heshima."

Otilia alipiga simu pale pale. Aliunganishwa na kitengo kimoja, kisha kingine, akingoja huku muziki ukilia. Aliyempokea mwishowe alikuwa muungwana na hakuwa na la kuficha. Viungo vinavyokatwa huteketezwa ndani ya siku chache. Familia ikiomba kabla ya upasuaji, hukabidhiwa kwa wahudumu wa mazishi. Watu huomba, wa dini mbalimbali, na inaruhusiwa. Hakuna aliyeomba. Alisema anasikitika sana.

Otilia alikata simu. Kwa kazi yake alikuwa amezoea kuwapa watu habari, akajua kwamba habari haipungui uzito kwa kucheleweshwa.

"Mguu uliunguzwa, Mama. Mwezi wa tatu. Umekuwa majivu."

"Majivu yako wapi?"

"Hayapo. Yanachanganywa na mengine."

Bibi aliuweka mkono kwenye goti lake la kushoto, akaushusha hadi pale mguu ulipoishia, kisha akaurudisha.

"Yule binti wa hospitali alisema neno gani?" aliuliza.

Otilia alimgeukia mwanawe. "Asumpta. Alisema nini? Sema kwa Kiingereza kama alivyosema."

Asumpta alisema. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno machache mepesi, na yaliposemwa ndani ya sebule ile kila mtu aliyejua lugha hiyo alisikia maana yake mara moja. Otilia alifumba macho.

"Hilo si kutunza, mwanangu. Hapo maana yake ni kushughulikia. Ni kama kusema, tuachie sisi."

"Ni neno hilo hilo," Asumpta alisema kwa Kiingereza. "Ukisema mtoto, ni kutunza."

"Lakini hakusema mtoto."

Asumpta alianza kulia. Bibi alimwita, akamshika kichwa, akakilaza kwenye paja lake. Hakumgombeza wakati huo wala baadaye. Alimwambia kwamba alikuwa ametumwa na watu wakubwa kazi ya watu wakubwa, na kwamba mtafsiri hawezi kuvuka mto kwa daraja ambalo hakujengewa. Baada ya hapo aliomba apelekwe chumbani.

Leonce alikwenda Kamachumu na sanduku lililojaa shuka. Aliporudi, mama yake alimwomba aite watu. Jumapili moja baada ya misa ya Kiswahili, padri na wazee watatu wa jumuiya walifika Lawrence Heights, wakanywa chai, na Bibi Paskazia akatoa wosia mbele yao ili asije mtu kuupindua. Asirudishwe Kamachumu. Azikwe huku.

"Mama, kule nafasi ipo," Leonce alisema. "Ndege ipo. Nitakupeleka mwenyewe."

"Nilimuaga mume wangu nikiwa nimesimama kwa miguu miwili. Nikifika nusu, ataniuliza nusu nyingine nimemwachia nani."

Mzee mmoja alicheka, akajizuia.

"Mguu wangu uko katika nchi hii," Bibi aliendelea. "Sijui wapi. Ni moshi, ni vumbi, umeanguka mahali. Nikizikwa huku, angalau tutakuwa chini ya mvua moja. Sitalala katika mabara mawili."

Padri alimweleza kwamba siku ya ufufuo Mungu hashindwi na umbali. Bibi alijibu kwamba hana shaka na Mungu. Anachosemea yeye ni muda wa kungoja.

Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya wosia huo. Katika muda wote huo Asumpta alimaliza shule, akaanza kozi ya ukalimani chuoni, na kila wiki alimsihi abadili neno lake. Alikuwa na maneno mengi zaidi sasa. Alimkumbusha kibanja, kahawa inayoiva, watoto wa Polycarp ambao hawatakuwa na kaburi la kufagia. Alimkumbusha mume wao anayengoja peke yake. Alizungumza bila kukwama, ngeli zikienda zinakotakiwa, na kuna siku Otilia aliacha vyombo jikoni akaja kusimama mlangoni kusikiliza, kwa kuwa hakuwa amewahi kumsikia mwanawe akisema hivyo.

Bibi naye alisikiliza, macho yamefumbwa.

"Sema tena," alimwambia. "Kiswahili chako kimekuwa kizuri."

Asumpta alisema tena. Bibi hakubadili kitu.

Alifariki Novemba 2012, moyo wake ukiwa umechoka, daktari akithibitisha kwamba mguu haukuhusika. Baba Mkubwa Polycarp alipiga simu akitaka mwili uletwe. Leonce alimtajia wosia na mashahidi wake, na Polycarp akakubali, maana wosia wa mzazi huwezi kubishana nao, hata kama umeukuta ng'ambo ya bahari. Alizikwa katika makaburi ya Wakatoliki kaskazini mwa jiji. Watu wa misa ya Kiswahili walijaza magari tisa. Waliimba, wakatupa udongo kwa mkono, kisha mashine ndogo ya njano ikaja kumalizia, na wengi hawakujua kama wangoje au waondoke.

Asumpta alipewa simu pale makaburini. Polycarp alitaka kusikia kutoka kwa aliyesimama karibu.

"Mmeshamlaza?"

"Tumeshamlaza, Baba Mkubwa."

"Vizuri. Poleni. Hapo pakoje? Kando yake kuna nani?"

Asumpta alisoma jiwe la jirani. "Mwanamke mmoja. Jina la Kireno, nadhani."

"Na kumepandwa nini?"

"Nyasi."

"Nyasi tu?"

"Nyasi tu, Baba Mkubwa. Hawaruhusu kupanda kitu kingine."

Kwa upande wa pili alisikia jogoo wa mtu, na mwanamke akiita watoto. Halafu Polycarp akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la shamba, kama sasa anaweza kupanda migomba katika ile nafasi, maana majira ya mvua yalikuwa yameshaanza.

Asumpta alimpa baba yake simu ajibu.